Gesi iliyosubiri miaka 30

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nchi yetu husubiri karatasi moja. Ni tangazo la bei kikomo za mafuta kutoka EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Karatasi yenyewe ni kavu, imejaa majedwali, na wengi wetu hatusomi zaidi ya mstari mmoja. Lakini mstari huo mmoja ndio unaoamua kama bodaboda atarudi nyumbani na kitu mfukoni, kama mashine ya kusaga kijijini itawaka au itafungwa, na kama nyanya za Iringa zitafika sokoni Kariakoo kwa bei ambayo mama lishe anaweza kuilipa. Dizeli ikipanda leo, kesho sahani ya wali nayo imepanda, hata kama mpunga umelimwa hapa hapa Kyela na hakuna mtu aliyeupeleka ng'ambo.

Swali ambalo nimekuwa nalo wiki nzima, ndugu msomaji, ni hili: msukosuko wa kwanza mkubwa wa mafuta ulitupiga mwaka 1973. Zaidi ya nusu karne imepita. Kwa nini bado tunaisubiri karatasi hiyo kwa hofu ile ile waliyokuwa nayo wazazi wetu? Je, hatukufanya kitu? Tulifanya mengi. Nataka leo tuyapitie hayo tuliyoyafanya, sisi na jirani zetu wa Kenya, tuone lipi lilidumu na lipi lilipita kama mvua ya rasharasha.

Tuanze na mwaka wenyewe. Oktoba 6, 1973, vita ilizuka kati ya Israel upande mmoja na Misri na Syria upande wa pili. Katika mwezi huo huo nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliamua kupunguza uzalishaji, na zikazinyima kabisa Marekani na Uholanzi kwa sababu ya kuiunga mkono Israel. Pipa la mafuta lililokuwa likiuzwa kwa dola kama 3 kabla ya vita likafika zaidi ya dola 11 ilipoanza Januari 1974. Katika miezi mitatu bei ilikuwa karibu mara nne.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wa leo hawafundishwi sana. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilivunja uhusiano na Israel mwaka huo, nyingi kati yake katika wiki zile za vita. Kisha zikawageukia ndugu zao wa Kiarabu na kuomba zipewe mafuta kwa bei ya kirafiki. Bei ya kirafiki haikutolewa. Kilichokuja ni mfuko wa mikopo na benki ya maendeleo iliyowekewa makao yake Khartoum. Kwa maneno mengine, tulinunua mafuta kwa bei kamili, halafu tukakopeshwa sehemu ya fedha zetu wenyewe. Huo ulikuwa ufunguzi wa somo letu la kwanza, kwamba katika biashara ya mafuta urafiki ni maneno ya mkutanoni, na gharama ni ya mnunuzi.

Na pigo hilo halikuja peke yake. Mwaka 1973 na 1974 mvua zilikuwa haba, na serikali ikalazimika kununua nafaka nje wakati huo huo. Uchumi ulipoanza kuinua kichwa kwa bei nzuri ya kahawa, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Magari ya jeshi yaliyokwenda mpaka Kampala yalitembea kwa dizeli iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Na mwanzoni mwa 1979, wakati vijana wetu wakiwa bado vitani, Shah wa Iran alikimbia nchi yake na soko la mafuta likatikisika upya. Kufikia 1980 pipa lilikuwa limevuka dola 30. Nchi iliyokuwa ikiuza katani, pamba na kahawa ilijikuta inauza mazao mengi zaidi ili inunue mafuta yale yale, au hata pungufu.

Serikali ilifanya nini? Ilifanya kile ambacho kila serikali hufanya inapobanwa. Ilitoa amri. Wazee wangu walinisimulia jinsi ilivyokuwa marufuku kuendesha gari la binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Harusi zilipangwa kwa kutazama saa. Aliyekwenda kumwona mgonjwa alilazimika kurudi mapema au alale huko huko. Kulikuwa na vibali, na palipo na vibali pana wanaovipata bila shida na wanaovipata kwa shida. Mabasi ya UDA yalipungua barabarani kwa kukosa vipuri na mafuta, watu wakajaa kwenye magari ya kienyeji yaliyoitwa chai maharage, na hatimaye mwaka 1983 serikali ikakubali kuyaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Ndiyo asili ya daladala zetu. Kwa hiyo hata usafiri huu tunaougombania kila asubuhi ni mtoto wa njaa ile ya mafuta.

Sisi hatukuwa peke yetu katika kutoa amri, na tusidhani kwamba mataifa makubwa yalikuwa na busara kuliko sisi. Marekani, nchi yenye visima vyake yenyewe, iliweka mwendo wa mwisho wa maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 1974. Serikali yake ilikuwa tayari inadhibiti bei za mafuta, na foleni zikawa ndefu kwenye vituo vya petroli vya nchi tajiri kuliko zote duniani. Mwaka 1979 Rais Jimmy Carter alipanda juu ya paa la Ikulu ya Washington kuonyesha mitambo 32 ya kupasha maji moto kwa jua, akasema lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2000 asilimia 20 ya nishati ya nchi yake itokane na jua na vyanzo vingine vinavyojirudia. Mwaka 1986, chini ya mrithi wake Ronald Reagan, mitambo ile iliondolewa paa lilipokuwa likitengenezwa, na haikurudishwa. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 10 kwa pipa.

Tuutazame vizuri mwaka huo 1986, maana una siri kubwa. Mafuta yalipopanda, kila mtu alikuwa mwanafunzi wa nishati mbadala. Yaliposhuka, darasa likabaki tupu. Bei iliyoleta hofu ndiyo iliyoleta akili, na hofu ilipoondoka, akili nayo ikaaga. Ugonjwa huu hauna taifa.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kisa ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko vyote.

Mwaka 1974, yaani mwaka ule ule bei ilipokuwa imetushika koo, kampuni ya Kiitaliano ya AGIP iligundua gesi asilia katika kisiwa kidogo cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Hebu fikiri. Bahati ya namna gani hiyo? Nchi inakosa nishati, na hapo hapo, kando ya pwani yake, ardhi inafunguka na kusema, chukueni. Lakini AGIP ilikuwa ikitafuta mafuta. Gesi wakati ule haikuwa na mteja, na kampuni haikuona faida ya kuendelea. Shirika letu la TPDC, lililoundwa mwaka 1969, likaendelea na kuchimba visima vingine likathibitisha kwamba gesi ipo na ni ya kutosha. Mwaka 1982 ikagunduliwa nyingine Mnazi Bay, Mtwara.

Mipango ilikuwepo. Katika miaka ya themanini kulikuwa na mradi wa kujenga Kilwa kiwanda cha amonia na mbolea kwa kutumia gesi hiyo. Mradi ulikuwa na jina, KILAMCO, na ulikuwa na michoro. Fedha hazikupatikana. Kiwanda hakikujengwa. Gesi ikabaki chini ya kisiwa, wavuvi wakaendelea kuvua pweza juu yake.

Wakati huo umeme wetu tuliutegemeza kwenye maji. Kidatu ilianza mwaka 1975, Mtera ikafuata mwaka 1988, na yote miwili hutegemea mto mmoja, Ruaha Mkuu. Maji ni nishati nzuri, hayaagizwi kwa meli. Lakini maji hayana mkataba na mtu. Mwaka 1992 yalipungua, na mwaka 1994 yakapungua tena, na nchi ikaingia kwenye mgawo. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo, na nakumbuka jinsi sisi watoto wa mjini tulivyojifunza kusoma kwa koroboi kama wenzetu wa kijijini ambao hawakuwahi kujua mgawo kwa sababu hawakuwahi kupata umeme. Mafuta ya taa nayo yalikuja kwa meli. Maji yalipokauka, tulirudi kwenye mafuta.

Sasa angalia kilichotokea katika giza lile. Mwaka 1995 serikali na TANESCO walitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Mtambo huo haukuwa wa gesi. Ulikuwa wa kuchoma mafuta mazito, yanayoagizwa kutoka nje. Nchi yenye gesi yake, iliyokwishajulikana kwa miaka 21, ilijifunga miaka 20 kuchoma mafuta ya watu wengine. Na masharti yalikuwa kwamba TANESCO italipia uwezo wa mtambo kila mwezi, uwe umewashwa au umezimwa. Ukipanga nyumba unalipa kodi hata ukiwa safarini, sawa, lakini ni nani anayepanga nyumba ya pili wakati anayo yake isiyoezekwa?

Wakati huo mazungumzo ya kuileta gesi ya Songo Songo yalikuwa yakiendelea, na Benki ya Dunia iliyokuwa tayari kuisaidia miradi ya gesi iliuliza kama nchi inahitaji vyote viwili. Gharama ya IPTL ikabishaniwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa kuanzia 1998. Uamuzi ulipotoka mwaka 2001 gharama ilipunguzwa, lakini mkataba ukabaki, na mtambo ukaanza kuzalisha mwaka 2002. Mikataba ya gesi yenyewe ilikamilishwa mwaka 2001. Bomba likajengwa kutoka kisiwani, likapita chini ya bahari mpaka bara, likaja Ubungo, jumla kama kilomita 230. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikazungusha mtambo wa umeme jijini Dar es Salaam kwa mara ya kwanza.

Kutoka 1974 mpaka 2004 ni miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipogunduliwa gesi hiyo alikuwa tayari na watoto wake ilipowaka. Na kilichoicheleweshea njia si ardhi wala teknolojia. Bomba la kilomita 230 si muujiza. Mwaka 1968, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia na njia ya Zambia ya kusini kuingia mashakani, tulishirikiana na wenzetu wa Zambia tukapata bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola. Lilikamilika katika muda wa miaka mitatu tangu Smith atangaze. Bomba la mafuta ya kuagiza lilipatikana kwa miaka mitatu, na la gesi yetu wenyewe, lisilofika hata sehemu ya saba ya urefu wake, lilichukua miaka 30.

Kuna watakaosema kwamba namlaumu aliyekuwa gizani kwa kupapasa. Sivyo. Waliotia saini mwaka 1995 walikuwa na viwanda vilivyosimama na hospitali zisizo na umeme. Ninachosema ni kwamba dharura ni mshauri mbaya, na asiyejiandaa wakati wa maji mengi ndiye anayempa dharura kiti cha mshauri. Na kwamba somo hili hatukulishika, kwa sababu mwaka 2006 ukame ulirudi, Mtera ikashuka, giza likaingia, na kwa haraka ile ile tukatia saini mkataba mwingine, wa Richmond, wa megawati 100 za dharura. Mitambo haikufika kwa wakati uliotakiwa. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nilikuwa kijana katika chumba cha habari siku hiyo, na nakumbuka kwamba simu hazikunyamaza mpaka usiku. Kila aliyepiga aliuliza habari za waziri mkuu. Sikumbuki aliyeuliza habari za Mtera.

Sasa tuvuke mpaka. Kenya nayo ilipigwa na 1973 kama sisi, haikuwa na mafuta kama sisi, na ilitegemea mto mmoja kama sisi, Mto Tana. Tofauti iko wapi? Iko kwenye Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, mahali panapoitwa Olkaria.

Wakenya walichimba visima viwili vya kutafuta mvuke wa ardhini huko Olkaria katika miaka ya hamsini, wakati wa ukoloni, na havikufaa kitu. Mtu mwingine angesema basi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakarudi, wakisaidiwa na Umoja wa Mataifa, wakachimba tena. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawashwa, wa megawati 15 tu. Wa pili ukaja 1982, wa tatu 1985, jumla megawati 45. Hapo bei ya mafuta ikaanguka, ile ya 1986 niliyoitaja. Mradi ukapunguza mwendo, lakini haukufungwa. Wahandisi waliendelea kufundishwa, visima viliendelea kupimwa. Mwaka 2003 kikaja kituo cha pili, na mwaka 2014 vikaja vikubwa zaidi. Leo jotoardhi linaipa Kenya zaidi ya megawati 900 za mitambo, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Mvua ikikosekana mvuke hausikii, na bei ya pipa ikipanda Olkaria haina habari.

Lakini nisiipambe Kenya kupita kiasi. Nayo ina makaburi yake. Mwaka 1983 ilianza kuchanganya petroli na spiriti iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya viwanda vya sukari. Wazo lilikuwa zuri: miwa ya Nyanza iendeshe magari ya Nairobi. Serikali iliamuru mchanganyiko ule uuzwe, na serikali hiyo hiyo ikapanga bei yake. Kampuni za mafuta hazikuupenda, mtengenezaji aliona bei haimlipi, na spiriti ikawa na thamani zaidi ikiuzwa nje. Kufikia 1993 mchanganyiko ulikuwa umekwisha. Serikali ilikuwa imemshika mtoto mkono kwa kulia, ikamkaba shingo kwa kushoto.

Wala Olkaria yenyewe si hadithi ya sukari tupu. Mvuke ule uko chini ya ardhi ya Wamasai. Mwaka 2014 familia zilihamishwa kupisha mitambo, na wananchi wakapeleka malalamiko mpaka Benki ya Dunia. Sisi tunayo yetu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walikataa bomba la gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla hawajaona faida kwao, ghasia zikazuka, na watu wakapoteza maisha. Tunasema nishati mbadala ni safi. Ni safi hewani. Kwenye ardhi, bado ina mwenyeji anayestahili kuulizwa, na asipoulizwa atajibu kwa namna yake.

Nirudi kwenye suala la udhibiti, maana ndipo watu wanapobishana zaidi vijiweni. Wapo wanaosema serikali itoe mkono, soko lijiendeshe. Tulijaribu. Kenya iliachia bei ya mafuta mwaka 1994, na sisi mwaka 2000. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichofunguliwa Kigamboni mwaka 1966, kilikuwa kinafikia mwisho wa kazi ya kusafisha, na mafuta yakaanza kuingia yakiwa tayari. Kila kampuni iliagiza kwa wakati wake, kwa meli yake, na mnunuzi hakujua bei imetoka wapi. Kilio kilipozidi tukarudi. EWURA ilianza kazi mwaka 2006 na kuanza kutangaza bei kikomo mwaka 2009. Kenya nayo ikarudisha bei kikomo Desemba 2010.

Ndipo ukaja Agosti 2011. EWURA ilishusha bei, na baadhi ya wenye mafuta wakaona bora vituo vikauke kuliko kuuza kwa bei hiyo. Kwa siku kadhaa petroli ilikosekana mijini wakati maghala yalikuwa na mafuta. Madumu yakatoka, walanguzi wakatoka, na mamlaka ikalazimika kumfungia leseni mmoja wa wakubwa. Siku zile zilitufundisha kwamba amri ya bei bila uwezo wa kujua nani ameagiza nini, lini na kwa kiasi gani, ni karatasi tu. Mwaka 2012 tukaanza kuagiza mafuta kwa pamoja, kwa zabuni, meli moja kubwa badala ya vidogo vingi. Haukuwa uamuzi wa kupigiwa ngoma, lakini ndio uliotupa nafasi ya kuijua bei ya kweli. Udhibiti unaofanya kazi mara nyingi hauna kelele.

Hata hivyo mdhibiti hashushi bei ya dunia. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nilielewa kwa nini. Lakini bilioni 100 zilizoungua katika injini ndani ya mwezi mmoja haziachi nyuma yake hata nguzo moja ya umeme.

Na katika mabishano yote haya ya petroli, tunasahau kwamba nishati kubwa ya Mtanzania wa kawaida haipiti kwenye pampu. Inapita kwenye gunia. Kaya nyingi bado zinapika kwa kuni na mkaa. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, bei ikaruka, na marufuku haikudumu. Tulikataza bila kumpa mama kitu kingine cha kuweka chini ya sufuria. Kenya katika miaka ya themanini ilifanya jambo dogo lililofika mbali. Mafundi wa mabati wa Nairobi walijifunza kutengeneza jiko lenye udongo wa kuchoma ndani, kwa kufuata mfano kutoka Thailand, jiko linalokula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Halikuhitaji marufuku. Lilienea kwa sababu mama aliona gunia linachelewa kuisha. Sasa tunao mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024, wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Litapimwa kwa bei ya kujaza mtungi mdogo wa gesi Kigogo na Nzega, siyo kwa hotuba.

Nije kwenye zama zetu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, wazo lililozungumzwa tangu enzi za Wajerumani na kupimwa upya miaka ya sabini, lilianza kujengwa 2019. Mtambo wa kwanza uliingia kazini Februari 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mwaka huo huo treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro, kisha Dodoma. Kwa mara ya kwanza abiria wengi wa barabara ile wanasafiri kwa maji ya Rufiji badala ya dizeli ya ng'ambo. Bajaji na teksi nazo zimeanza kujaza gesi, na foleni za Dar es Salaam kwenye vituo vichache vya gesi zimetuonyesha kwamba watu wako tayari kuliko mipango yetu.

Lakini mimi, kama mtu niliyesomea kuuliza maswali, nina hofu moja. Wakati huu tunao umeme wa kutosha. Hofu imeondoka. Kwa historia niliyoisimulia, huu ndio wakati hatari, wakati wa 1986, wakati ambapo darasa hubaki tupu. Rufiji nao ni mto, na mto ni mvua. Tumeunda kampuni ya jotoardhi tangu 2013, Bonde la Ufa limetupitia Mbeya na Songwe kama lilivyopitia Naivasha, lakini bado hatuna kituo cha jotoardhi kinachozalisha umeme. Kenya ilitoka kwenye visima viwili vibovu hadi megawati 900 kwa kuendelea kuchimba hata bei ya mafuta ilipokuwa chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari nyingine mgombea au waziri atakapokuja kwako na habari za mafuta, usimuulize tu lita itashuka lini, kwa sababu bei hiyo hupangwa mbali na yeye. Muulize kisima gani kinachimbwa sasa hivi, wakati mabwawa yamejaa. Muulize mkataba gani utasainiwa, na tutalipia nini mtambo ukizimwa. Muulize wenyeji wa mahali hapo wameambiwa nini. Akikujibu kwa tarehe na kiasi, mwandike jina. Akikujibu kwamba tutaona hali ikiwa mbaya, basi ujue gesi ya Songo Songo imepata ndugu mwingine wa kusubiri naye.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.